Paka wa Depo Hafungwi Kamba

Ninyi vijana wenye maduka ya mchele na unga huku njia ya Petite Barrière, ule mpaka mdogo, leo nasema na ninyi, na sitasema kwa upole. Upole wangu niliutumia wote kwa Wabiligi waliotutawala na kwa matajiri, umekwisha.

Jana nimeingia kwa mmoja wenu kununua mchele. Mwezi wa saba, mchana, bati inalia kwa jua. Chini ya meza nikaona paka jike mdogo mwenye madoa meusi na meupe, kamba ya nailoni shingoni, fundo kwenye mguu wa meza. Kopo lake la maji limekauka, ndani yake nzi. Paka yule alikuwa anahema mdomo wazi. Mbwa akihema hivyo, mwache, ndiyo desturi yake. Paka akihema hivyo, mjue hali yake ni mbaya.

"Uyu amefanya kosa gani?" nikauliza.

Kijana akacheka. "Aa, Mzee Idi, uyu iko kazini. Nikimufungua atakimbia, panya itakula mchele yangu."

"Na we, baba yako alikufunga kamba ili usikimbie kazi?"

"Mi niko na akili, Mzee."

"Iko wapi? Nionyeshe na mimi."

Wateja wakacheka, na yeye akacheka, akanipimia mchele. Nikamwomba maji kama ni ya kunywa mimi, nikamimina kwenye lile kopo, paka akanywa mpaka chini. Lakini kamba hakuna aliyeigusa, na mimi sikuigusa, duka si langu. Nimefika nyumbani, mchele umepikwa, nimeshindwa kula. Ndiyo maana naandika. Nimesoma madarasa mawili na juzuu moja, mwandiko wangu ni kama kuku aliyepita kwenye majivu. Lakini nyumba ninamoandikia nimeijenga mwenyewe kwa mgongo wangu. Kwa hiyo mtanivumilia.

Miaka ya hamsini mimi nilikuwa mtu wa depo, ghala la bidhaa. Nilianza chini kabisa, kubeba viazi kutoka Mudende kwa kichwa mpaka Gisenyi mjini, shingo ikawa ngumu kama mti. Baadaye nikapewa ufunguo wa depo ya Hamadi, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Ujiji. Depo ile ilikuwa upande wa Grande Barrière, ule mpaka mkubwa, pale ambapo mawe meusi ya volkeno yanatokeza ardhini, ndiyo tunayaita amakoro. Juu kulikuwa na chumba kikubwa cha bati: maharagwe, chumvi, marobota ya kitambaa, na magunia ya ndakala kavu, ndiyo dagaa, kutoka Tanganyika. Chini, kwa mlango wa sakafuni na ngazi ya miti, kulikuwa na shimo la mawe ambalo fundi alilikuta hapo hapo akaona ni bure, akajenga juu yake. Humo tuliweka viazi, maana palikuwa na baridi kama mtungi.

Mnadhani kazi ya depo ni kukaa kwenye kiti na kupunga nzi. Kiangazi depo ni vita. Watu wamevuna, mashamba yamebaki matupu, panya wote wa milimani wanashuka mjini kama wamealikwa harusi. Na askari wetu walikuwa paka. Kwa hiyo asiyejua kutunza paka wakati wa kiangazi hakujua kazi ya depo, basi.

Aliyenifundisha ni mzee Kalinda, mtu wa ziwani, aliyeacha uvuvi kwa sababu ya macho. Alikuja kuomba kazi na paka wawili ndani ya kapu. Akamwambia Hamadi, "Mimi na hawa tunaandikwa pamoja." Hamadi akafikiri ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Kalinda aliniambia maji ya paka yakae kwenye chungu cha udongo, kivulini, mbali na chakula. Kopo la bati linachemka, paka ananusa na kuondoka, halafu unasema paka hapendi maji. Ndakala kavu uloweke kwanza na kumwaga yale maji ya chumvi. We ule ndakala kavu mchana wa Agosti uone kama utalala. Sumu ya panya alikataa isiingie hata mlangoni. Panya anakula sumu, paka anakula panya, kesho huna paka na panya bado wako, maana wao wanazaa upesi kuliko wewe unavyofikiri. Na paka mweupe usimwache nje jua likiwa kichwani. Jua la huku ni la mlimani, linamchoma ncha za masikio mpaka zinaota vidonda visivyopona.

Halafu kamio, lori la mizigo. Paka anatafuta kivuli, na kivuli kizuri kuliko vyote ni chini ya kamio lililosimama. Siku moja dereva wa Bukavu alikuwa amemaliza kupakia, amekwisha kupanda, Kalinda akaenda kusimama mbele ya kamio.

"Gonga kwanza."

"Nigonge nini, mzee?"

"Gonga bodi. Iko mutu chini."

Dereva akashuka, akainama, akatazama. "Mutu iko wapi? Mi naona paka."

"Ni uyo."

Dereva akagonga bodi kwa ngumi, paka akatoka polepole, akajinyoosha mbele ya kila mtu kama bosi anayetoka ofisini. Tangu siku ile dereva yule aligonga hata akiwa Bukavu. Ninyi leo mna pikipiki na magari, hata kupiga honi mnasahau mpaka mmekanyaga.

Hamadi naye alikuwa na elimu yake. Waswahili wa mji wetu wana desturi: paka mgeni anapakwa mafuta miguuni, akikaa kuyalamba anasahau njia ya kurudi kwao. Vizuri ni samli. Hamadi aliona samli ni hasara kwa miguu ya paka, akanipa mawese. Nikampaka paka mpya mawese yale mekundu, miguu yote minne, nikamwachia. Hakukaa kulamba hata kidogo. Aliruka moja kwa moja juu ya robota la americani nyeupe, akatembea kutoka mwanzo mpaka mwisho, akageuka, akarudi. Hamadi alitutukana mpaka adhana. Kesho yake mama mmoja akaja, akakiona kile kitambaa, akauliza, "Hii ya maua, imebaki nyingi?" Hamadi akasema imebaki kidogo sana, na akaipandisha bei. Kalinda alitoka nje kwenda kucheka.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Kalinda hakulifanyia mzaha. Alisema paka wa Gisenyi analala juu. Juu ya magunia, juu ya rafu, juu ya ukuta, mahali popote palipo juu.

Ninyi mkisikia mazuku mnadhani ni maneno ya kutisha watoto. Ni hewa mbaya inayotoka kwenye nyufa za mawe yetu, haina rangi, haina moshi, na ni nzito, inakaa bondeni na shimoni kama maji. Mtu mzima anaweza kupita amesimama asijue, na mbuzi aliye pembeni yake akaanguka. Kalinda alisema, "Mukubwa anapita, mudogo anabaki." Ni mbaya zaidi asubuhi, wakati hakuna upepo. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kushuka kwenye lile shimo la viazi, tulitangulia kushusha kwa kamba agatadowa, kile kitaa cha kopo, koroboi. Kikiendelea kuwaka, tunashuka. Kikizimika, tunafungua milango yote, tunaondoka kunywa chai. Ukutani kulikuwa na tundu la hewa linalotoka nje upande wa ziwa, na Kalinda alilisafisha kila siku kama jino. Vilevile alitazama paka. Paka akifika juu ya ngazi, akanusa, akarudi nyuma, Kalinda hakuhitaji hata taa.

"Sha, injangwe haiko mbuzi," aliniambia siku tuliyoona mtu amefunga paka wake dukani. Injangwe ndiyo paka kwa Kinyarwanda. "Mbuzi ukimufunga anakula pale pale. Injangwe Mungu amemupa kazi mbili, kukamata na kupanda. Ukimufunga umemunyanganya zote mbili. Sasa umefuga nini?"

Macho yake yakaisha kabisa, watoto wake wakamchukua. Nikabaki mimi na ufunguo.

Kiangazi kilichofuata tulipoteza paka wetu wote. Mmoja kwa uzee, wengine kwa sumu ya jirani. Panya wakafanya sherehe. Hamadi akaenda kwa mama yake, Bibi Mwajuma, aliyekaa nyuma ya msikiti na paka mmoja wa rangi ya shaba, na jina lake lilikuwa hilo hilo, Shaba. Bibi alikuwa mjane, magoti yamekataa, hatoki. Shaba alilala kwenye upindo wa kanga yake na alipokuwa anasali paka alikaa pembeni ya mkeka, hakuukanyaga. Mji mzima ulimjua.

Mimi nilikuwepo Hamadi alipomwomba. Bibi akamshusha Shaba kutoka kwenye kanga.

"Chukua," akasema. "Lakini usimufunge. Jioni atarudi kwangu, asubuhi atarudi kwako, njia anaijua. Wazee walisema paka wa nyumba haingwa, hafukuzwi. Mimi naongeza, hafungwi."

"Nimesikia, mama."

"Idi, na we umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Shaba alifanya kazi kama mashine. Mchana kutwa alikuwa anawatoa panya nyuma ya chumvi mmoja mmoja na kuwapanga mlangoni. Jua likikaribia kuzama alikuwa anajipangusa uso, anatoka, anapita katikati ya barabara kwenda kwa Bibi. Mimi niliona ni vizuri. Hamadi aliona ameibiwa.

"Panya inatembea usiku," akasema. "Yeye usiku iko wapi? Iko amelala ku kanga. Donc mi nalisha paka ya kazi nusu."

Nikakuta amemfunga kwenye nguzo ya chumba cha juu. Nikamfungua. Kesho yake nikakuta tena. Nikamfuata Hamadi pale alipokuwa anahesabu marobota.

"Bwana Hamadi, Bibi amesema asifungwe."

"Bibi iko ku nyumba. Depo ni yangu."

"Na dini? Yule mwanamke wa zamani aliyefunga paka mpaka akafa, mwalimu wa Kurani alitusomea sisi sote alivyoishia motoni."

Hamadi akageuka, na ninyi mngemwona mngefikiri ni shehe. "We ulisikia nusu, Idi. Yule hakumupa kula. Mi namupa ndakala, namupa maji. Na tena nimeona huku juu bati inamuchoma, nitamuweka mahali pa baridi kuliko pale we unalala. Zambi iko wapi?"

Nasema ukweli, siku ile neno lake lilinishinda, na mpaka leo likinijia nakasirika upya. Maana kijana wa jana naye angeniambia hilo hilo: namupa kula, Mzee, namupa maji.

Siku ile ile alinituma Mudende kuleta viazi. Nikalala huko, nikarudi kesho yake asubuhi na wabebaji. Hakukuwa na upepo. Vumbi lilisimama hewani kama limesahau kuanguka. Nikafungua depo. Juu hakuna paka. Nguzoni hakuna kamba.

Kamba niliiona kwenye ngazi. Hamadi alikuwa ameifunga kwenye mti wa chini wa ngazi ya shimo. Mahali pa baridi.

Nikawasha agatadowa, nikaishusha kwa uzi pembeni ya rundo la magunia. Usawa wa gunia la juu kabisa iliwaka vizuri. Nikashusha kidogo tu, moto ukalala, ukawa wa bluu, ukazimika. Nikakimbia nje kutazama lile tundu la hewa. Lilikuwa limezibwa kwa magunia matupu. Hamadi alilizuia vumbi lisiingie kwenye viazi, tena kwa uangalifu, gunia baada ya gunia. Wabebaji wakayang'oa, tukafungua milango yote, tukapepea kwa turubai. Kitaa kilipowaka mpaka chini, nikashuka nimebana pumzi, sikuamini hata kitaa.

Shaba alikuwa kwenye rundo la magunia. Hakulala chini, watu wangu. Alikuwa amenyooka kwenye ubavu wa rundo, mikono mbele, kucha zimekamata gunia, kamba imekaza nyuma yake kama waya. Magunia yote kutoka chini yalikuwa yamekwaruzwa, nyuzi zimetoka, viazi vinaonekana. Alipanda mpaka kamba ikakataa. Pale alipofika na gunia la juu, ambapo taa yangu iliwaka, palikuwa na umbali wa mkono mmoja wa mtu, kutoka kiwiko mpaka vidole.

Pembeni ya ngazi kulikuwa na ndakala za kulowekwa, nzuri, zimechaguliwa. Kulikuwa na maji kwenye chungu cha udongo. Kulikuwa na gunia jipya limekunjwa mara mbili liwe kitanda. Vitu vyote vile alivipanga Hamadi kwa mkono wake. Mimi mtu mbaya namwelewa, najua nisimame wapi. Huyu wa kukuua huku anakukunjia kitanda, huyu sijui nimfanye nini.

Hamadi alipofika alisimama juu ya ngazi, hakushuka. "Mazuku iko ya porini," akasema. "Hapa iko nyumba. Iko na kufuli." Akarudia, "Iko na kufuli, Idi," kama anaomba mimi nikubali.

Nikamfunga Shaba kwenye kipande cha americani, tukaenda kwa Bibi, mimi nimebeba, Hamadi mbele. Bibi alikuwa kwenye mkeka. Hamadi akaanza kabla ya salamu kuisha.

"Mama, ni mazuku. Ni kazi ya Mungu, tutafanya nini."

Bibi hakumtazama. Akafungua kitambaa. Akapitisha kidole shingoni, pale manyoya yalipolala na kukatika. Halafu akaniuliza mimi.

"Idi. Alifungwa?"

Hamadi akanitazama. Ufunguo wa depo ulikuwa kiunoni mwangu. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na kazi ya ufunguo mji ule hukuipata mara mbili. Mbele yangu mwanamke asiyeweza kusimama alikuwa anangoja, na alikuwa amekwisha kujua. Alitaka tu mtu mmoja wa nyumba ile asimdanganye.

"Alifungwa, Bibi."

"Lete kamba," akamwambia mwanawe.

Ikaletwa. Akamwambia aitundike kwenye msumari wa juu ya mlango, pale pale anapovulia viatu akija kumsalimia. Kamba ile ilikaa pale mpaka Bibi alipofariki, na Hamadi, mtu mrefu, kila siku aliinama chini yake kuingia kwa mama yake.

Siku ile njiani Hamadi akaniambia, "Kesho usikuje." Nikamwekea ufunguo mkononi. Mji ukacheka: Idi amefukuzwa kazi sababu ya paka. Wakacheka vizuri. Nikarudi kubeba viazi vya Mudende kwa kichwa, halafu nikauza vyangu, halafu nikajenga depo yangu, yenye paka, bila kamba, bila shimo. Waliocheka walikuja kuniomba kazi, na wengine niliwapa.

Sasa ninyi. Mnaniambia paka atakimbia. Paka anakimbia pale anapokosa maji, kivuli na mahali pa kupanda. Nimeweka kalamu, nimechukua kisu cha jikoni, nimekwenda.

Nimerudi, namalizia.

Kijana alikuwa anapanga sabuni. "Mzee Idi, mchele umeisha tayari?"

Sikumjibu. Nikapiga magoti, na magoti yangu yanajua bei yake, nikaingia chini ya meza, nikakata ile nailoni shingoni.

"Yewe, Mzee, atakimbia huyo. Panya itakula mchele."

"Acha panya ikule. Mchele inaota tena."

Paka hakukimbia. Alikaa, akajikuna shingo kwa mguu wa nyuma, muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichozoea. Halafu akaenda kwenye magunia. Akapanda moja, akangoja, akatazama nyuma. Akapanda la pili. Akapanda yote mpaka lile la mwisho karibu na dirisha, penye upepo wa ziwa, akazunguka, akalala amefumba macho.

"Hakukimbia," kijana akasema.

Kamba ilikuwa bado imefungwa kwenye mguu wa meza. Nikamwambia ashike ile ncha niliyoikata na aivute kuelekea kule alikolala paka. Akaivuta mpaka ikakaza, akasimama nayo mkononi katikati ya duka. Haikufika hata kwenye gunia la kwanza.